Safu ya Bwana Shamba: Kabla ya Kujenga Tanuri la Mikate

Ndugu msomaji, kaa kando ya barabara ya lami itokayo Makuyuni kwenda Ngorongoro. Alfajiri utayaona magari ya watalii yakipanda. Yanapita Mto wa Mbu, yanapanda ukingo wa Bonde la Ufa, yanapita Karatu, yanaelekea lango la Loduare, ambalo hufunguliwa saa 12 asubuhi. Ndani ya magari hayo mna maboksi ya chakula cha mchana. Fungua boksi lolote, mara nyingi utakuta mkate.

Mkate huo umetoka wapi? Sehemu kubwa ya ngano inayoliwa nchini mwetu huletwa kwa meli kutoka nje. Mkate wenyewe umeokwa mjini, au katika jiko la hoteli kubwa. Na kijiji kinachopitwa na magari hayo kimeuza nini? Labda mayai na nyanya. Basi si ajabu kwamba vikundi vya akina mama na vijana wa huku vinasema: nasi tujenge tanuri, tuoke mikate ya mikono, tuwauzie watalii.

Wazo hilo ni zuri. Lakini lazima tulipime kabla ya kufyatua tofali la kwanza. Fedha mtakayoweka imekusanywa kidogo kidogo, wiki kwa wiki, katika mfuko wa kikundi. Nyingine itakuwa mkopo. Na mkopo hulipwa hata kama mikate imeota ukungu.

Mimi nawashauri hivi: jengeni tanuri kwa ajili ya mlaji wa kijijini. Mtalii awe nyongeza. Wengi hupenda kuanza na mtalii kwa sababu wanamwona ana fedha. Ni kweli anazo. Lakini yeye hupita, nanyi mnabaki na tanuri lenu.

Watalii wana msimu kama mazao. Huja wengi kuanzia Juni hadi Oktoba, na tena Desemba hadi Februari. Machi hadi Mei mvua za masika hunyesha, njia za hifadhini huwa tope, na baadhi ya kambi hufungwa kabisa. Miezi hiyo utamwuzia nani? Tena kuna miaka mibaya. Mwaka 2019 wageni waliokuja Tanzania walizidi milioni 1 na nusu. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulipoenea duniani, walishuka hadi kama 620,000. Aliyekuwa akimtegemea mgeni peke yake alikaa bila kazi. Lakini mwalimu wa shule, fundi wa pikipiki, mchuma kahawa na mama ntilie waliendelea kunywa chai ya asubuhi, na chai hutaka kitafunwa.

Hesabu kwanza

Kifaa cha kwanza cha mwoka mikate ni daftari. Wewe unayesoma gazeti hili unacho kifaa hicho tayari, kwa sababu unajua kuandika na kuhesabu. Chukueni wiki 2. Wanakikundi wawili wapite katika maduka na migahawa yote ya kijiji na ya kijiji jirani. Waulize: mnauza mikate mingapi kwa siku? Siku ya mnada ni mingapi? Inaletwa saa ngapi? Mingapi hubaki? Waandike kila jibu siku hiyo hiyo. Kichwa husahau, na tena kichwa chenye hamu ya biashara hupenda kuongeza tarakimu.

Sasa tuangalie gharama. Bei nitakazoandika ni za mfano tu, nawe weka bei za dukani kwako. Tuseme unaoka unga kilo 10. Utahitaji maji lita 6, sukari gramu 400, mafuta gramu 300, chumvi gramu 200 na hamira kavu gramu 100. Jumla ni kilo 17 za donge. Ukikata madonge ya gramu 450 utapata 37. Donge hupoteza maji tanurini, kwa hiyo mkate ukipoa utakuwa na gramu 400 hivi.

Unga ni shilingi 20,000. Hamira 2,000. Sukari 1,200. Mafuta 1,800. Chumvi 200. Kuni 3,000. Mifuko ya karatasi 37 kwa shilingi 100 kila mmoja ni 3,700. Malipo ya mtu anayekanda na kuoka, 10,000. Usiache kuandika malipo hayo hata kama mwokaji ni wewe mwenyewe au binti yako. Kazi ya nyumbani nayo ni kazi. Jumla ni shilingi 41,900, yaani kila mkate umegharimu zaidi kidogo ya shilingi 1,130.

Ukiuza yote 37 kwa shilingi 1,500 utapata 55,500. Faida ni 13,600. Inapendeza. Lakini tuseme mikate 9 imebaki. Umeuza 28, umepata 42,000. Faida yako ya siku nzima, pamoja na moshi wote ulioingia machoni, ni shilingi 100. Mikate 9 tu imekula faida yote! Na bado hatujaandika fedha ya kurudisha mkopo, wala ya kununua makopo mapya ya kuokea.

Kwa hiyo, oka kidogo na umalize. Anza na unga kilo 5. Mikate ikiisha saa 2 asubuhi na watu wakanung'unika, huo ni mnung'uniko mzuri. Kesho ongeza kilo 1. Mikate inayobaki ikatwe vipande na kukaushwa tanurini joto likishuka, iuzwe kama mikate mikavu ya chai. Usiichanganye na mikate ya leo. Mteja akibaini mara moja, humpati tena, na atawaambia jirani zake.

Tanuri lenyewe

Oveni ya umeme au ya gesi ni nzuri, ila bei yake ni kubwa, na mkate haungoji umeme urudi. Kikundi kinaweza kuanza na tanuri la udongo na tofali za kuchoma. Msingi uwe wa mawe, kimo cha kiuno ili mwokaji asivunjike mgongo. Juu ya msingi tandaza mchanga, na juu ya mchanga panga tofali za sakafu zikiwa zimebanana. Kisha rundika mchanga mbichi wenye umbo la chungu kilichofunikwa, ufunike kwa karatasi zilizoloweshwa, na juu yake kandika udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na mchanga. Ukishakauka kiasi, kata mlango na kutoa mchanga wa ndani. Tabaka la nje lichanganywe na majani makavu yaliyokatwa au pumba. Tabaka hilo huzuia joto lisitoroke.

Kipimo kimoja usikikosee. Kimo cha mlango kiwe kidogo kuliko kimo cha ndani, kwa kiasi cha sentimeta 25 kwa kila sentimeta 40. Mlango ukiwa mrefu mno, joto hutoka lote. Ukiwa mfupi mno, moto hukosa hewa na tanuri huwa la moshi tu. Usitumie mawe ya mtoni mahali penye moto. Huwa na maji ndani na huweza kupasuka kwa kishindo. Jengeni na paa juu ya tanuri, maana mvua moja ya masika yatosha kuharibu kazi ya mwezi.

Tanuri jipya likauke wiki 2. Halafu washeni moto mdogo kila siku kwa siku kadhaa. Mwenye haraka ya kuoka siku ya kwanza hupata nyufa.

Siku ya kuoka, choma kuni kavu kama saa 2 au 3. Ondoa makaa, fagia majivu, pitisha kitambaa kibichi kilichofungwa kwenye mti mrefu, kisha funga mlango kidogo ili joto lisambae. Huna kipima joto? Nyunyiza unga kidogo sakafuni. Ukiwa mweusi mara moja, joto limezidi, ngoja. Ukigeuka rangi ya kahawia polepole, ingiza mikate. Tanuri lenye upana wa meta 1 ndani huchukua mikate kama 20 kwa mara moja, hivyo kwa mikate 37 utachoma moto mara mbili. Baada ya dakika 30 hadi 40, toa mkate mmoja na ugonge chini yake. Ukilia kama ngoma, umeiva. Joto linaloshuka oka skonzi, na la mwisho kabisa oka keki. Usiruhusu joto ulilolipia kuni lipotee bure.

Na kuni? Hapa nitasema kama Bwana Shamba. Tanuri lisije likala msitu wa hifadhi, ambao ndio unaoleta maji, na ndio unaoleta hao watalii. Tumieni matawi yanayopunguzwa kwenye migrivea ya mipakani na miti ya kahawa inayokatwa mashambani. Kila kikundi chenye tanuri kipande migrivea yake mwaka huo huo. Msichome mbao zenye rangi au dawa. Sumu yake huingia katika chakula.

Unga na ngano yetu

Si kila unga wa ngano hufaa kwa mkate. Ngano ina gundi yake. Ukikanda, gundi hiyo huvutika na kushika hewa ya hamira, ndipo donge huumuka. Unga wenye gundi chache ni mzuri kwa keki na biskuti, lakini mkate wake hukaa chini kama tofali. Pima hivi: kanda vijiko 4 vya unga na maji kidogo, acha nusu saa, kisha uoshe ndani ya bakuli la maji, ukibadilisha maji mpaka yasiwe meupe. Kinachobaki mkononi ndicho gundi. Fanya hivyo kwa unga wa aina 2 au 3, ulinganishe. Ile yenye gundi nyingi inayovutika bila kukatika ndiyo ya mkate.

Huku Karatu tunalima ngano, na Hanang vilevile. Huko Basotu, Hanang, serikali ilianzisha mashamba makubwa ya ngano katika miaka ya 1970 kwa msaada wa Kanada. Kwa hiyo ngano si kitu kigeni kwetu. Mkulima mdogo anaweza kupeleka ngano yake kwenye mashine ya kusaga ya kijiji na kupata unga wa ngano nzima, wenye pumba zake. Unga huu changanya nusu kwa nusu na unga mweupe, utapata mkate wa kahawia mzito kidogo, wenye harufu nzuri. Peta ngano vizuri kwanza na uondoe mawe. Jiwe moja huvunja jino la mteja. Saga kidogo kidogo, maana unga wa ngano nzima una mafuta ya kiini na huchacha upesi kuliko unga mweupe. Ukipenda kutia unga wa mtama au wa ulezi, usizidishe gramu 200 katika kila kilo ya mchanganyiko. Nafaka hizo hazina gundi ya kuumua mkate.

Sasa nisikilize vizuri. Usisage kamwe ngano ya mbegu iliyopakwa dawa. Mbegu hiyo hupakwa rangi, mara nyingi nyekundu, ili watu waijue. Mwaka 1971 na 1972 nchini Iraki wakulima walipewa ngano ya mbegu yenye dawa ya zebaki. Wengine waliiosha mpaka rangi ikatoka, wakadhani na sumu imetoka. Wakaisaga, wakaoka mikate. Watu zaidi ya 6,000 walilazwa hospitali, na zaidi ya 450 walifia humo. Rangi huoshwa, sumu hubaki. Ukinunua ngano kwa mkulima, mwulize ilikuwa ya nini na ilihifadhiwa kwa dawa gani. Asipojua, iache.

Jambo jingine la huku milimani. Karatu iko juu, meta kama 1,500 kutoka usawa wa bahari. Mahali pa juu donge huumuka upesi. Mchana wa joto punguza hamira kidogo, la sivyo mkate utapanda sana kisha uanguke. Lakini asubuhi za Juni na Julai ni baridi, na donge hulala. Liweke karibu na tanuri. Usifuate saa ya ukutani, fuata donge: likiwa limekuwa mara mbili, na ukilibonyeza kwa kidole shimo linarudi polepole, liko tayari.

Mgeni anataka nini?

Mgeni wa mbali hatafuti mkate mweupe laini wa duka. Huo anao kwao. Hupenda mkate wa ngano nzima, wenye mbegu za alizeti au ufuta juu, na ganda gumu kidogo. Hupenda pia keki ya ndizi, na Mto wa Mbu ndizi zimejaa. Ndizi iliyoiva mpaka ganda likawa jeusi haina bei sokoni, lakini ndiyo hasa inayofaa kwa keki. Hapo umegeuza kitu cha kutupwa kuwa fedha.

Mteja wako katika biashara hii ni mpishi wa kambi na mwongoza watalii, kwa sababu ndio wanaopanga yale maboksi. Hoteli kubwa zina waokaji wao, msipoteze nauli. Nendeni kwenye kambi ndogo na nyumba za wageni. Pelekeni mkate mmoja wa kuonja, na mrudi kesho yake kuuliza. Mpishi atataka mambo matatu: mkate usiokatika vipande akiupaka siagi, unaofaa kuliwa hata siku ya pili baada ya vumbi lote la njia ya Serengeti, na unaofika kwa wakati. Magari huondoka alfajiri. Kwa hiyo mkate wa maboksi uokwe mchana na ufikishwe kabla ya jioni, na mkate wa chai ya kijiji uokwe usiku au alfajiri. Tanuri lilelile, wateja wawili, saa mbalimbali.

Acha mkate upoe kabisa kabla ya kuufunga. Mkate wa moto ukifungwa hutoa jasho, na jasho huzaa ukungu. Funga kwa karatasi safi, maana mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019. Usitumie magazeti ya zamani, hata hili letu. Wino si chakula.

Kama keki ina karanga, au iliwekwa kwenye trei moja na vitu vyenye karanga, andika hivyo kwenye karatasi, na mwambie mpishi. Kuna watu ambao karanga kidogo tu huwafunga pumzi na kuweza kuwaua. Na mgeni akisema hawezi kula ngano, usimwuzie mkate wa mtama uliochanganywa na ngano ukimwambia hauna ngano. Huo ugonjwa upo, si maringo.

Kuhusu vibali nitasema kwa ufupi. Nendeni kwa Afisa Biashara wa halmashauri mwulize leseni, na ofisi ya TRA mpate namba ya mlipa kodi. Afisa Afya atakagua jengo, na wanaoshika chakula watapimwa afya. Tangu mwaka 2019 mambo ya usalama wa chakula yako chini ya Shirika la Viwango, TBS. SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, hufundisha usindikaji na huweza kuwaongoza mpaka TBS. Mkiandika gramu 400 kwenye karatasi, mkate uwe gramu 400 kweli, kwa hiyo nunueni mizani mapema. Kuhusu mtaji, ulizeni kwa Afisa Maendeleo ya Jamii mikopo isiyo na riba ya halmashauri. Asilimia 10 ya mapato ya ndani hutengwa: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ikarejeshwa mwaka 2024. Kopeni kwa kipimo cha mikate mliyoiandika katika daftari lile la wiki 2, msikope kwa kipimo cha magari mliyoyaona barabarani.

Mwisho, malipo. Muuza duka wa kijiji hulipa jioni. Baadhi ya kambi husema watalipa mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi husema mwezi ujao. Wakati huo ninyi mnanunua unga kwa fedha taslimu kila siku 3. Kikundi kinaweza kuwa na wateja wengi, mikate inatoka, na bado kikafa kwa kukosa fedha ya unga. Basi kabla ya kupeleka mkate wa kwanza, andikeni makubaliano: mikate mingapi kwa siku, bei gani, watalipa siku gani ya wiki, na wakitaka kupunguza watatoa taarifa siku ngapi mbele. Pande zote mbili ziweke sahihi. Kila mnapokabidhi mikate, mpokeaji asaini kwenye daftari lenu lenye tarehe na idadi. Deni la wiki 2 likifika bila kulipwa, simamisheni kupeleka, mseme kwa heshima kwamba mtaendelea likilipwa. Mikate ya siku hiyo ipelekeni mnadani.

Mwezi ujao, ndugu msomaji, tutazungumza juu ya kukausha na kuhifadhi ngano na mahindi bila kupata kuvu. Mwenye swali alipeleke kwa Bwana Shamba au Bibi Shamba wa kata yake.